Keki ya Chungwa Hailowani kwa Juisi

Mama mmoja alinijia darasani, hapa Tanga, na kipande cha keki amekifunga kwenye kitambaa. "Mwalimu, hebu onja mwenyewe. Nimetia juisi ya machungwa manne, maziwa sikutia hata tone. Mbona imekauka kama mkate wa juzi?" Nikaonja. Ilikuwa kavu kweli, tena ladha ya chungwa niliitafuta sikuipata. Nikamwuliza maganda ya yale machungwa yako wapi. "Nimeyatupa. Maganda ya nini, Mwalimu?"

Mimi hulisikia swali hilo kila msimu, machungwa ya Muheza yanapojaa barabarani kwa matenga na kila mwenye jiko kutamani kuoka. Waokaji wa nyumbani wameshika kwamba juisi ndiyo inayoleta chungwa, na kwamba keki ikikauka dawa yake ni kuongeza juisi. Yote mawili yanawapotosha, na wanaoumia zaidi ni wale wanaotaka kuoka bila ngano.

Tuanze na harufu. Katika gramu 100 za juisi ya chungwa, gramu 88 hivi ni maji. Zilizobaki ni sukari, asidi na vitu vingine vichache. Harufu tunayoiita ya chungwa imehifadhiwa kwingine, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vilivyotanda kwenye ngozi ya nje ya ganda. Kila mtoto aliyewahi kubana ganda mbele ya mshumaa ameyaona mafuta hayo yakiruka na kuwaka cheche. Sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa limonene, ambacho hakichanganyiki na maji lakini huyeyuka ndani ya mafuta. Kwa hiyo ukitia ganda lililokwaruzwa kwenye unga wenye mafuta ya kutosha, harufu hupata pa kukaa. Ukitia juisi peke yake, ile harufu kidogo iliyokuwamo hupaa na mvuke, na jikoni kunanukia kuliko keki yenyewe.

Kwaruza ile ngozi ya juu tu, kwa kikwaruzo chenye matundu madogo, ukiligeuza chungwa kila unapoona weupe. Ule weupe ni mchungu. Kisha fanya jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita haraka: mimina sukari yote juu ya maganda hayo na ufikiche kwa vidole dakika mbili au tatu. Chembe za sukari hupasua vile vifuko, mafuta hutoka, na sukari huwa na unyevu kama mchanga wa pwani maji yakiwa yametoka sasa hivi. Machungwa matatu yakifikichwa hivyo hutoa ladha ambayo lita nzima ya juisi haiwezi kuitoa.

Wala usiogope ganda la kijani. Chungwa letu hubaki kijani hata likiiva kwa sababu usiku wetu ni wa joto. Rangi ile ya kijani huhitaji baridi ya usiku ili itoweke. Lionje ndani, usilihukumu kwa ngozi. Walio Ulaya au Ghuba wana kazi nyingine: machungwa ya dukani huko mara nyingi yamepakwa nta, kwa hiyo yasuguliwe kwa maji ya moto na brashi kabla ya kukwaruzwa.

Sasa ukavu. Mama yule alipoona uji wa keki umekuwa mwepesi kwa sababu ya juisi nyingi, aliongeza unga. Alipoongeza unga, ikabidi akoroge zaidi. Ngano ina protini ambazo zikikutana na maji na kukorogwa hujisuka kuwa utando unaovutika, ndio gluteni. Kwenye chapati tunautaka utando huo, na ndiyo maana tunakanda. Kwenye keki, ukizidi, hukaza kama mpira. Halafu kwa kuwa uji ulikuwa na maji mengi, keki ilichelewa kuiva, akaiacha motoni nusu saa ya ziada. Maji aliyoyamimina yalipaa yote, na mengine yakafuata nyuma.

Keki hubaki laini kwa maji yaliyoshikwa, na ndani yake kuna vitu kadhaa vinavyofanya kazi ya kushika. Sukari ni kimojawapo. Huvuta maji na kuyang'ang'ania, na ndiyo sababu anayepunguza sukari kwa nusu akidhani anabadilisha utamu tu hushangaa keki imekuwa kavu pia. Unaweza kupunguza kidogo, ukishuka sana utajuta. Wanga wa unga nao hunywa maji ukipata joto, ukavimba na kuyafungia ndani.

Mafuta nayaeleza kwa kirefu kidogo, maana hapa pana ubishi usiokwisha kati ya wapenda siagi na wapenda mafuta ya maji. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi na maji karibu asilimia 16. Ina ladha ambayo siibishi. Lakini keki ya siagi ikipoa, siagi nayo huganda, na mdomoni unahisi ugumu hata kama maji yamo. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa joto la chumba. Hufunika chembe za unga kabla hazijakutana na maji, gluteni ikashindwa kujisuka sana, na kesho yake keki bado ni laini. Kwa keki ya chungwa mimi natumia mafuta ya alizeti. Ladha ya siagi hapa hushindana na chungwa bila sababu.

Kipimo ninachofundisha ni hiki: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200 iliyofikichwa na maganda ya machungwa matatu, mayai matatu, mafuta mililita 150, mtindi mililita 120, na juisi mililita 80 tu. Beking pauda vijiko viwili vya chai, magadi soda ya kuokea robo kijiko, chumvi kidogo. Soda ile ipo kwa sababu ya asidi ya mtindi na juisi. Bila yake keki hubaki na uso mweupe, haishiki rangi ya hudhurungi. Piga mayai na sukari mpaka yavimbe, ongeza mafuta polepole, kisha mtindi na juisi, mwisho unga. Unga ukishapotea machoni, acha kukoroga. Kamua juisi wakati uleule wa kuitumia, kwani juisi ya machungwa mengine ikikaa saa kadhaa huingia uchungu.

Kwenye oveni, nyuzijoto 170 kwa dakika 40 hadi 45. Kwenye mkaa, wengi wetu tulikoanzia, weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, upashe moto vizuri, kisha tia chombo cha keki juu yake. Makaa ya chini yawe machache, ya kupalia juu ya mfuniko yawe mengi zaidi, kwa kuwa mchanga hukaa na joto lake muda mrefu na ukizidisha chini keki itaungua kitako ikiwa mbichi juu. Keki imeiva joto la ndani likifika nyuzi 95 hivi. Asiye na kipimajoto achomeke njiti katikati dakika tano kabla ya wakati alioupanga, na njiti ikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, aitoe keki. Anayesubiri njiti itoke safi kabisa kama imefutwa amechelewa. Keki huendelea kuiva kidogo hata nje ya moto.

Kisha shira. Sisi watu wa kaimati na visheti hatuhitaji kufundishwa shira, lakini kwenye keki tunaisahau. Chemsha juisi ya machungwa mawili na vijiko vinne vya sukari mpaka iwe nzito kidogo, toboa keki ya moto kwa njiti, na uimimine polepole shira ikiwa imepoa. Hapa ndipo juisi inapofaa, baada ya moto kumaliza kazi yake, kwani haina tena mahali pa kupaa.

Kuhusu gluteni, nataka tuelewane vizuri, kwa kuwa naona neno hili limekuwa la mtindo na wengine wanaumwa kweli. Mwenye ugonjwa wa siliaki, akila ngano au shayiri hata kidogo, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Tiba yake ni kuiacha gluteni maisha yote. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo cha damu huenda kisioneshe kitu kwa mtu aliyekwisha kuacha. Na mwokaji anayempikia mgonjwa huyo ana wajibu: mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano humwaga ngano ndani ya mchele wako, chekecheo la jana lina vumbi la jana, na semolina na tambi ni ngano ileile kwa jina jingine. Soma pia pakiti ya beking pauda, nyingine zimechanganywa na wanga wa ngano.

Ukiondoa ngano umeondoa ule utando, yaani kile kinachoshikilia mapovu ya hewa. Lazima kitu kingine kishike. Mayai hushika vizuri. Na chungwa lenyewe linaweza kushika, ukilitumia zima.

Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo aliyehamia London, aliliingiza pishi la namna hiyo katika kitabu chake A Book of Middle Eastern Food cha mwaka 1968. Ni keki ya Wayahudi wa Sephardi: machungwa mawili yanachemshwa mazima na maganda yake mpaka yalainike kabisa, yanasagwa, yanachanganywa na mayai sita, sukari, lozi zilizosagwa na beking pauda kijiko kimoja. Unga hakuna kabisa, wala mafuta hayaongezwi. Mara ya kwanza nilipoioka nilikaa kimya nikiitazama, kwa sababu ilinifundisha kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukiona. Ule weupe wa ganda, niliousema kuwa ni mchungu, umejaa pektini, kile kinachogandisha jemu. Ukichemshwa saa moja na nusu, uchungu mwingi hutoka na maji, na pektini hulainika ikawa kama sponji inayoshika maji kwa nguvu zake zote. Keki hiyo siku ya tatu ina unyevu zaidi kuliko siku ya kwanza.

Lozi kwetu ni ghali na nyingi husafiri mbali. Korosho tunazo, kutoka Mtwara na Lindi, na zilizovunjika huuzwa kwa bei nafuu, nazo ndizo tunazohitaji maana tutazisaga. Korosho ina wanga mwingi kuliko lozi na mafuta pungufu kidogo, kwa hiyo keki yake hutoka laini zaidi na isiyo na punjepunje. Shida yake ni kwamba kwenye blenda hugeuka siagi upesi. Saga gramu 250 za korosho mbichi zisizokaangwa pamoja na gramu 50 za unga wa mchele, kidogo kidogo, ukizima na kuwasha. Machungwa mawili, jumla gramu 400 hivi, yachemshe saa moja na nusu na ubadilishe maji mara moja katikati. Yakipoa yapasue utoe mbegu zote. Mbegu moja ikisagwa utaijua kwa uchungu. Piga mayai sita na sukari gramu 220, changanya vyote na kijiko kimoja cha beking pauda, oka kwa nyuzi 165 kwa muda wa saa moja. Itashuka kidogo ikipoa. Iache ishuke. Na kabla ya kumkaribisha mgeni muulize kuhusu korosho, kwani wapo ambao korosho kwao ni hatari kuliko ngano.

Unga wa muhogo wengine wanausifu. Unga wa makopa una harufu yake ya uchachu inayofaa ugali, kwenye keki ya chungwa unaharibu. Kama ni lazima, tumia ule mweupe wa muhogo mtamu uliokaushwa vizuri, na usizidi theluthi moja ya unga wote, la sivyo keki inavutika kama gundi.

Mchele ndio ninaouamini zaidi, na hapo watu wa pwani tulikuwa na jibu kabla ya swali. Mkate wa kumimina wa Unguja, ambao Mombasa wanauita mkate wa sinia, hauna ngano hata chembe. Mchele uliolowekwa usiku kucha unasagwa na tui zito, hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, unatiwa ute wa yai, unapikwa kwa moto wa chini na wa kupalia. Kule kuloweka ndiko siri yake. Unga mkavu wa mchele ukitiwa moja kwa moja kwenye keki hukwaruza ulimi, kwa kuwa chembe zake hunywa maji polepole. Ukitumia unga wa dukani, uache na majimaji yake nusu saa kabla ya kuoka.

Mama yule wa keki kavu aliposikia kwamba binti wa dada yake amekatazwa ngano, tulimfanyia binti huyo mkate huu kwa chungwa. Vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja cha tui, sukari robo tatu ya kikombe, na maganda ya machungwa mawili yaliyokwaruzwa. Juisi hatukutia, asidi yake ingekata tui. Maganda tuliyaweka baada ya mkate kuumuka, pamoja na ute wa yai. Tulipalia makaa, tukasubiri, na harufu ilipoanza kupenya kwenye mfuniko aliniuliza kama maganda aliyoyaacha nyumbani asubuhi ile, yaliyokwisha kukauka kidogo, bado yanafaa. Nikamwambia ayakwaruze leo leo.