Duka Dogo na Watu wa Mtandaoni

Ndugu zetu wengi waliomaliza shule hapa Uganda siku hizi hawaanzi biashara kwa kutafuta chumba mjini, kwa kuwa kodi ni kali. Huanza na simu. Mmoja huuza viatu, mwingine huoka keki, nao hutangaza kazi zao katika WhatsApp, Instagram au TikTok. Jambo hili ni jema, walakini wengi hudhani kuwa wingi wa wafuasi ndio wingi wa wateja, na mtaji wao mdogo hupotea huko.

Wako watu wauzao wafuasi kama mafungu ya nyanya sokoni. Ukinunua, hesabu yapanda usiku mmoja, lakini hayo ni majina matupu, hayavai viatu wala hayali keki. Mwezi wa Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti za namna hiyo, na watu mashuhuri wengine wakapungukiwa na wafuasi kwa mamilioni. Tena Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari zinazowafanya watu wazungumze wao kwa wao, kuliko matangazo ya kurasa za biashara. Basi mwenye wafuasi elfu kumi walio kimya aweza kushindwa na mwenye mia mbili wanaouliza na kujibiwa.

WhatsApp nayo ina kanuni isiyofahamika sana. Ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi, humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Na nani atahifadhi namba ya muuzaji ambaye akiulizwa bei hujibu, "Njoo inboksi"? Mimi binafsi nikijibiwa hivyo huenda zangu.

Shangazi yangu hushona gomesi. Mtu akiuliza bei, yeye huitaja palepale, kisha huuliza sherehe ni lini. Picha ya mteja haitoi bila ruhusa yake. Siku moja mama mmoja alilalamika mbele ya wote kwamba kiuno kimebana. Shangazi hakuyafuta maneno yale. Alimjibu saa ileile, akaishona upya bila malipo. Juma lile walikuja wateja wawili wapya, nao walisema wameyasoma malalamiko na jibu lake.

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa nchini, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi pamoja nayo. Kweli, wako walioingia kwa njia ya VPN, lakini ni wateja wangapi watakaotaabika hivyo kwa ajili ya keki? Mwenye ukurasa tu alibaki akiutazama, na mwenye namba za watu aliozungumza nao akawapigia simu. Shangazi alikuwa nazo katika daftari la karatasi, pamoja na vipimo vya kila mmoja na tarehe ya sherehe yake.