Mayai ya Kyiv na tenda za Afcon 2027

FAINALI ya Euro 2012 pale Kyiv ilikuwa burudani tupu. Hispania waliwachapa Italia 4-0, David Silva akifungua kwa kichwa dakika ya 14, na Ukraine wakaonekana wameweza kuandaa shughuli kubwa.

Wenyeji lakini walibaki na maswali. Maandalizi yalikuwa yamechelewa, UEFA ilikuwa imeshawaonya, na kwa hoja kwamba muda umebana, kazi nyingi za mashindano yale zikatolewa bila zabuni ya ushindani. Mkandarasi mmoja, bei moja, saini moja. Ukishatoa kazi hivyo, raia hana bei nyingine ya kulinganisha.

Kwa nini tunakumbushana hayo leo? Kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa Afcon 2027 Septemba 2023, na habari ya muda kubana tumeshaionja. Chan iliyotakiwa kupigwa Februari 2025 katika nchi hizi hizi tatu ilisogezwa hadi Agosti, CAF ikisema miundombinu inahitaji muda zaidi.

Na pesa zenyewe si za mchezo. Mkataba wa uwanja mpya wa Arusha ulisainiwa Machi 2024 kwa Sh286 bilioni. Kenya nao, kwa ajili ya Talanta pale Nairobi, uwanja wa watu 60,000, wamekopa zaidi ya Sh44 bilioni za kwao kupitia hati fungani. Hatusemi kuna mtu kapiga. Tunachosema ni kwamba pesa ya ukubwa huu inalindwa vizuri zaidi ikiwa wengi wanaiona.

Tenda inavyopigwa

Kijiweni wanasema tenda hupigwa kabla mpira haujaanza. Masharti yanashonwa kwa kipimo cha kampuni moja, sawa na klabu kutangaza inatafuta straika halafu ikaandika urefu, umri na kijiji alichozaliwa. Au tangazo linatoka Ijumaa jioni, mwisho wa kupokea maombi Jumatatu asubuhi. Au zinaomba kampuni tatu, kumbe mwenyewe ni mmoja, mbili zimekuja kusindikiza. Au kampuni inashinda kwa bei ya chini, kisha baada ya miezi michache mkataba "unarekebishwa" na gharama zinapaa. Cha juu kinapatikana hapo.

Mbinu zote hizo zina udhaifu mmoja: zinaacha alama kwenye namba. Zabuni ilikaa wazi siku ngapi? Walioomba walikuwa wangapi? Kampuni iliyoshinda ilisajiliwa lini? Bei ya mwisho imepanda kiasi gani kutoka ile ya kwanza?

Wanaosaka upangaji wa matokeo wanafanya kazi ya namna hiyohiyo. Mara nyingi hawamwoni mchezaji akipokea bahasha. Wanaona tu kwamba pesa za kubeti kwenye mechi fulani zimekwenda upande ambao hazikutakiwa kwenda, basi wanaanza kuchimba. Namba haimfungi mtu jela, ila inamwonyesha mchunguzi pa kuanzia.

Ukraine walivyojirekebisha

Baada ya Rais Viktor Yanukovych kukimbia nchi Februari 2014, watu wa kujitolea walishirikiana na wafanyabiashara na maofisa wachache wa serikali kujenga mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Wakauita ProZorro, jina linalotokana na neno la kwao lenye maana ya uwazi. Kuanzia Agosti 2016 taasisi zote za umma zikalazimika kuutumia.

Kampuni zinashindana kwa mnada wa kushusha bei. Mnada ukiisha, yeyote mwenye simu anaweza kufungua nyaraka akaona nani aliomba, kwa bei gani, nani kaenguliwa na kwa sababu gani. Kaulimbiu yao ni kila mtu anaona kila kitu. Mwaka huohuo tawi la Transparency International la nchi hiyo likaanzisha Dozorro, ambako raia na washindani wanaohisi wameonewa wanaripoti zabuni yenye harufu.

Je, wizi uliisha? Wapi! Ila ukawa mgumu kuuficha, na tofauti ilikuja kuonekana pale pazia liliposhushwa tena.

Vita na Urusi ilipopamba moto mwaka 2022, ununuzi wa jeshi ulifichwa kwa sababu za usalama. Januari 2023 mwandishi Yuriy Nikolov akaanika bei za mkataba wa chakula cha wanajeshi. Yai moja lilikuwa limeandikwa hryvnia 17, wakati madukani Kyiv lilikuwa linauzwa kama hryvnia 7. Wizara ya Ulinzi ilijitetea kwamba ni makosa ya kiufundi, lakini bei ya yai haihitaji profesa. Kila anayekwenda sokoni alielewa. Naibu waziri akajiuzulu, na bunge likapitisha sheria ya kuweka wazi bei za manunuzi ya jeshi yasiyohusu silaha.

Na kwetu je?

Si kwamba tuko mikono mitupu. Tangu 2023 Tanzania ina NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliojengwa na wataalamu wa hapahapa na kusimamiwa na PPRA, na mwaka huohuo tukapata sheria mpya ya ununuzi. Ukiingia kwenye tovuti ya NeST unakuta matangazo ya zabuni na taarifa za kazi zilizotolewa. Ni hatua kubwa ukilinganisha na zama za bahasha na sanduku la zabuni.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunasubiri ripoti ya CAG. Ripoti hiyo ina kazi yake, lakini inakagua mwaka uliokwisha. Ni kama refa anayepuliza filimbi ya penalti wakati timu ziko bafuni.

Majirani zetu Kenya wanaijua hasara ya kuchelewa. Sakata la fedha na vifaa vya timu yao ya Olimpiki ya Rio lilitokea 2016. Aliyekuwa Waziri wa Michezo alitiwa hatiani na mahakama Septemba 2021, miaka mitano baadaye. Wanariadha walioteseka Rio hawakurudishiwa michezo ile.

Kiti ndilo yai letu

Shabiki wa soka wa nchi hii ndiye bingwa wa namba. Anajua straika ana mabao mangapi, mangapi ya penalti, kacheza dakika ngapi na mkataba wake umebaki miezi mingapi. Akisikia usajili wa bei ya ajabu anauliza palepale: huyu kwa bei hiyo?

Basi auleze swali hilo hilo kwenye viwanja. Chukua Sh286 bilioni za Arusha, gawanya kwa watu takriban 30,000 watakaoingia. Unapata kama Sh9.5 milioni kwa kila kiti. Ni nyingi au kidogo? Namba hiyo peke yake haimtuhumu mtu, kwa sababu ndani yake kuna paa, taa, nyasi, vyumba na mengine mengi. Lakini inampa shabiki pa kushika. Anaweza kuilinganisha na uwanja mwingine wa ukubwa huo, na anaweza kuirudia hesabu siku atakaposikia mkataba umeongezwa pesa.

Ili aweze kufanya hivyo, serikali hizi tatu ziweke mtandaoni mikataba ya Afcon yenyewe, pamoja na kila nyongeza, jina la kila mkandarasi mdogo na kila malipo yaliyofanyika, kwa mfumo ambao mtu anaweza kuupekua kwa simu. Kama kuna kazi imetolewa bila ushindani kwa sababu ya haraka, sababu hiyo iandikwe na aliyeiidhinisha ajulikane.

Afcon itachezwa wiki chache na kombe litaondoka na mwenyewe. Hati fungani za Talanta ni za miaka 15. Mtoto atakayeshika bendera jukwaani siku ya ufunguzi atakuwa mtu mzima, analipa kodi, na deni litakuwa bado linadaiwa.