Amepona, Kwa Nini Aendelee Kumeza Dawa?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao familia nyingi zimeuona kwa macho bila kulijua jina lake. Tuanze na mfano.

Baba mmoja mwenye duka, mtu mtulivu na mchapakazi, anaanza kulala kwa muda wa saa mbili tatu tu kila usiku, wala hachoki. Anasema haraka haraka, neno hili halijaisha amesharukia lingine. Anagawa bidhaa za dukani bure, anauza ng'ombe ili anunue lori, anatangaza kwamba yeye ametumwa kuiokoa nchi nzima. Anayejaribu kumzuia anatukanwa. Baada ya majuma kadhaa anazimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Haogi, hali, hataki kuona mtu, na usiku anamwambia mkewe kuwa afadhali afe.

Majirani husema, "Huyu amerogwa." Wengine husema ni majini, wengine bangi. Fedha za nyumba zinaishia kwa waganga. Kumbe huenda ni ugonjwa ambao madaktari wanaujua vizuri na ambao una dawa.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Madaktari wanauita baipola, maana yake ni wenye ncha mbili. Katika ncha moja mgonjwa anapanda mno: furaha au hasira kupita kiasi, nguvu nyingi, mipango mikubwa isiyo na msingi. Katika ncha nyingine anashuka mno: huzuni nzito, uchovu, kukata tamaa. Katikati ya vipindi hivyo anaweza kukaa miezi, hata miaka, akiwa mzima kabisa kama mtu mwingine yeyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi na ugonjwa huu.

Baipola si laana, wala haiambukizi. Utafiti uliofanywa juu ya familia na mapacha umeonyesha kuwa kwa sehemu kubwa hutokana na kurithi. Hata hivyo, wengi wa watoto ambao mzazi wao mmoja anaugua hawapati ugonjwa huu maishani mwao. Kwa yule aliye na mwelekeo huo, ugonjwa unaweza kuamshwa na kukosa usingizi, msiba, kujifungua, pombe au bangi.

Chumvi iliyotoka Australia

Habari ya dawa ya kwanza ya ugonjwa huu inafaa isimuliwe, kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa kila familia.

Daktari John Cade wa Australia alikuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajapani huko Changi, Singapore, tangu mwaka 1942 hadi 1945. Aliporudi kwao alifanya kazi katika hospitali ya akili ya Bundoora, karibu na mji wa Melbourne. Hakuwa na maabara ya maana, bali chumba cha zamani cha kuwekea vyakula. Alidhani kwamba wagonjwa waliopandwa na wazimu walikuwa na sumu fulani mwilini, na kwamba sumu hiyo ingeonekana katika mkojo wao. Katika majaribio yake aliwadunga simbilisi chumvi ya madini yaitwayo lithiamu. Wanyama wale, ambao kwa kawaida hushtuka kwa jambo dogo, wakatulia.

Wazo lake la sumu halikuwa sahihi, na leo wapo wataalamu wanaodhani kwamba simbilisi wale walikuwa wamezidiwa na dawa tu. Lakini njia iliyopinda ilimfikisha mahali pema. Baada ya kuimeza dawa hiyo yeye mwenyewe ili aone kama inadhuru, tarehe 29 Machi 1948 Cade alianza kumpa mgonjwa wa kwanza, mwanamume wa miaka 51. Mtu huyo alikuwa amepandwa na wazimu kwa miaka 5 mfululizo, mchafu, mharibifu, msumbufu kuliko wote wodini. Baada ya majuma machache alitulia. Mwezi Julai mwaka huo alitoka hospitali, akarudia kazi yake ya zamani.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mtu huyu alipojiona mzima alianza kuzembea dawa, mwishowe akaiacha kabisa. Januari 1949 alirudishwa hospitali. Jamaa zake walieleza kwamba alikuwa hajaonja dawa kwa muda wa majuma 6 au zaidi, na kwamba hasira na vituko vilikuwa vikizidi. Akapewa lithiamu tena, na baada ya majuma mawili alikuwa mtulivu. Mwezi Septemba 1949 Cade alitangaza matokeo ya wagonjwa wake 10 katika jarida la madaktari wa Australia.

Mwaka 1950 mgonjwa yule wa kwanza alikufa. Safari hii hakuuawa na ugonjwa, bali na dawa yenyewe iliyozidi mwilini. Wakati huo upimaji wa kiasi cha lithiamu katika damu haukuwa sehemu ya matibabu.

Basi katika maisha ya mtu mmoja tunaona mambo mawili: dawa hii ikiachwa ugonjwa unarudi, na ikizidi inaua. Utafiti mwingi uliofuata umeyathibitisha hayo.

Je, ni kweli ugonjwa hurudi?

Wapo madaktari walioshuku. Walisema labda wagonjwa hawa wangekaa salama hata bila dawa. Huko Denmark, Daktari Mogens Schou, ambaye ndugu yake mwenyewe alisumbuliwa na huzuni ya kujirudia, aliifuatilia lithiamu kwa miaka mingi pamoja na wenzake. Mwaka 1970 walitoa jibu. Walichukua wanawake 84 wenye baipola au huzuni ya kujirudia, ambao wote walikuwa wakiendelea vizuri kwa lithiamu. Wanawake 45 waliendelea na dawa. Wengine 39 walipewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani, wala wenyewe hawakujua. Katika muda wa miezi 5, kati ya wale 39 waliougua tena walikuwa 21. Kati ya wale 45 walioendelea na lithiamu hakuugua hata mmoja.

Tafadhali mrudie kuzisoma hesabu hizo. Wote walikuwa "wamepona". Lakini zaidi ya nusu ya wale walioondolewa dawa waliugua tena.

Mwaka huohuo wa 1970 Marekani nayo iliruhusu lithiamu itumike kutibu wazimu wa namna hii. Tafiti za baadaye zimeonyesha pia kwamba inapunguza vifo vya kujiua, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa familia inayolala jicho moja wazi.

Kuitumia kwa usalama

Lithiamu si dawa ya kununua dukani na kujaribu. Hutolewa na daktari, naye humpima mgonjwa figo na tezi ya shingoni kabla ya kuanza, na tena kila baada ya miezi kadhaa. Kiasi cha dawa katika damu lazima kipimwe. Damu hiyo hutolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo aliyemeza saa 2 usiku apimwe saa 2 asubuhi, kabla hajameza kingine.

Nyumbani tuzingatie haya:

1. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, hasa wakati wa joto na kazi za shamba. Maji yakipungua mwilini, dawa huzidi.

2. Asiache chumvi ghafla wala kuizidisha ghafla. Chumvi ikipungua, lithiamu hujikusanya mwilini.

3. Akiharisha au kutapika, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

4. Akiumwa kichwa au mgongo asijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki, kwani hupandisha lithiamu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo hufanya hivyo. Amweleze kila mganga na muuza dawa kuwa anatumia lithiamu.

5. Wakati wa Kwaresima asifunge kwa kujinyima maji na chakula. Kanisa haliwabani wagonjwa kwa sheria hiyo.

Mikono ikitetemeka sana, akipepesuka kama mlevi, ulimi ukiwa mzito, akisinzia ovyo au kuchanganyikiwa, asimeze kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali mara moja.

Zipo dawa nyingine pia, kama valproeti, kabamazepini na kwetiapini, na daktari huchagua kulingana na mgonjwa. Akina mama na wasichana waangalie sana valproeti. Mtoto mmoja hivi kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kilema, na wengine huchelewa kukua kiakili. Mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari mapema, lakini asiache dawa yoyote kwa siri, maana majuma ya kwanza baada ya kujifungua ni ya hatari kubwa kwa mwenye baipola.

Kazi ya familia

Huko Barcelona, Hispania, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 120 waliokuwa wakitumia dawa. Nusu yao walihudhuria vikao 21 vya kufundishwa juu ya ugonjwa wao: kutambua dalili za mwanzo, kulala kwa wakati, kuepuka ulevi, kushika dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2003, nayo yalionyesha kwamba waliofundishwa waliugua tena mara chache kuliko wenzao. Kumbe maarifa nayo ni sehemu ya tiba.

Basi familia ijifunze dalili za mtu wake. Kwa wengi ya kwanza ni usingizi: akianza kulala muda mfupi bila kuchoka, msingoje auze ng'ombe. Mpelekeni kliniki. Akiwa mzima, kubalianeni naye nani atunze fedha na hati za nyumba siku akipanda. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, ondoeni kamba, sumu za shambani na vidonge, kisha mtafuteni msaada siku hiyohiyo. Kumfunga kwa minyororo au kumpiga hakujamponya mtu yeyote.

Tunajua kwamba wengi hutupa dawa baada ya kuombewa, wakiona kuwa kuendelea kumeza ni kukosa imani. Hapana. Mwenye kisukari huomba na huku anatumia dawa yake, wala hatumcheki. Kumwombea mgonjwa ni vema, na tuendelee. Lakini yeyote asimwambie mgonjwa aache vidonge, awe mzazi, jirani au kiongozi wa jumuiya. Kama dawa inamsumbua, aende kwa daktari ipunguzwe au ibadilishwe taratibu.

Tena tuwahurumie. Kumeza dawa kila siku ukiwa mzima ni mzigo, na wapo wanaozikumbuka siku za kupanda kwao kama siku tamu. Msimkaripie. Kaeni naye mezani jioni, mpeni maji ya kumezea, mmwulize amelalaje. Mgonjwa wa kwanza wa Daktari Cade alikuwa na dawa, alikuwa na kazi, na alikuwa na jamaa walioona kuwa ameanza kubadilika. Kama na ninyi mmeona kwamba vidonge vya mtu wenu havipungui kwenye kopo, zungumzeni naye leo, msingoje majuma 6.