BIBI ALIYEIZUIA SAHIHI YAKE

Katika kurasa hizi tumezoea kuwataja masheikh na watu wa kheri. Mwezi huu twataka kumtaja mwalimu wa elimu ya dawa na sumu, Bibi Frances Oldham Kelsey, ambaye mwaka 2005 alistaafu kazi katika Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani akiwa na umri wa miaka 90, baada ya kuitumikia miaka 45. Jina lake halikukuzwa na dawa aliyoivumbua. Lilikuzwa na sahihi aliyotakiwa aitie, akakataa kuitia mpaka apate hakika.

Huenda mtu akauliza ni kwa nini tumsifu asiyekuwa wa dini yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka kwenda Madina, aliyemwongoza njia jangwani alikuwa Abdullah bin Uraykit, naye hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Jawabu hilo latutosha.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha McGill. Kisha akamwandikia barua Profesa Geiling wa Chuo Kikuu cha Chicago, kuomba kazi. Jibu likaja likimwita "Bwana Oldham", kwani jina lake, kwa kulisikia, ni sawa na la mwanamume. Akamwendea mwalimu wake kumwuliza kama yampasa kueleza kwamba yeye ni mwanamke. Mwalimu akamwambia asiwe mjinga: aikubali kazi, aandike "Binti" pembeni mwa jina lake, aende zake. Akaenda mwaka 1936.

Kisha msiba ukaingia Marekani. Mwaka 1937 kiwanda kimoja kilitengeneza dawa ya maji ya kuponya koo na maradhi mengine, tamu na yenye rangi nzuri, ili watoto wainywe bila ya kulia. Dawa yenyewe haikuwa na kosa, bali kosa lilikuwa katika kile kilichotiwa ili kuiyeyusha, nacho ni dayethilini glaikoli, kitu kitamu kinachoua figo. Hakuna aliyekijaribu kwanza hata kwa mnyama. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto. Profesa Geiling akatakiwa kutafuta sababu, na binti huyu akawa miongoni mwa waliokesha wakiwatazama panya walionyweshwa dawa ile. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria kwamba dawa isiuzwe mpaka kwanza ionyeshwe kuwa ni salama.

Twaomba wazazi wasiidhanie hadithi hii kuwa ni ya kale. Mwaka 2022, nchini Gambia, ambako wakazi wengi ni ndugu zetu Waislamu, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizokutwa na sumu hiyo hiyo. Mwaka huo huo watoto wa Indonesia nao wakafa kwa namna hiyo. Sisi tunaofundisha chuoni twawaona watoto wakija na kikohozi, na chupa mkobani iliyonunuliwa popote, haina hata karatasi ya jina. Mtoto aliyekunywa dawa kisha akaacha kukojoa apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa yake ichukuliwe pamoja naye.

Turudi kwa bibi. Wakati wa vita vikuu vya pili, alipokuwa akitafuta dawa za malaria pamoja na wenziwe, yeye na mwanachuoni Ellis Kelsey, ambaye alikuja kuwa mumewe, waliichunguza kwinini katika sungura wenye mimba. Waliona kwamba mama aweza kuivunjavunja dawa mwilini mwake, lakini kilichomo tumboni hakiwezi kama mama awezavyo. Elimu hiyo akakaa nayo. Akasomea udaktari, akafundisha elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha South Dakota, na mwaka 1960 akaingia katika ile Idara.

Hakuwa amekaa hata miezi miwili alipoletewa maombi ya kampuni ya Merrell, iliyotaka kuuza dawa ya usingizi kwa jina la Kevadon. Dawa yenyewe ni thalidomaidi. Ilikuwa ikiuzwa Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1957, na Uingereza pia, na kina mama wenye mimba waliinywa kuondoa kichefuchefu cha asubuhi. Wakubwa walidhani kazi hiyo ni nyepesi, ndiyo maana akapewa mgeni.

Sheria ilimpa siku 60 tu. Zikipita kimya, dawa yauzwa. Akaona kwamba karatasi alizoletewa zimejaa maneno ya sifa, lakini haziielezi vya kutosha namna dawa inavyoingia mwilini na kutoka. Akayarudisha maombi kuwa hayajatimia. Yakaletwa tena, akayarudisha tena. Watu wa kampuni wakamjia, wakampigia simu, wakawalalamikia wakubwa wake. Mapema mwaka 1961 akasoma katika jarida la matabibu wa Uingereza barua ya daktari aliyewaona wanaoinywa dawa hiyo wakipata ganzi na maumivu mikononi na miguuni. Hapo akauliza jambo ambalo kampuni haikuwa na jawabu lake: ikiwa yadhuru mishipa ya mtu mzima, yafanya nini kwa mtoto aliye tumboni?

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tupeleleze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mara nyingi twaitumia aya hiyo kwa uvumi wa mitaani, na ni haki. Lakini hatuoni ni kwa nini isimfikie mwenye duka la dawa, na mganga, na jirani anayegawa vidonge vilivyobaki nyumbani kwake.

Mwishoni mwa mwaka 1961 habari ikafichuka. Ulimwenguni watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa wakiwa na mikono au miguu mifupi, au hawana kabisa, na wengi wao hawakuishi. Marekani waliozaliwa hivyo walikuwa 17, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kuwagawia madaktari vidonge vya kujaribia. Agosti 1962 Rais Kennedy akamvika bibi nishani, na Oktoba sheria ikazidi kukazwa: mwenye dawa athibitishe kwamba yafaa, na anayejaribiwa aombwe ridhaa yake.

Ajabu ni kwamba mwaka 1998 Idara ile ile iliikubali thalidomaidi kwa wagonjwa wa ukoma wenye vidonda vya maumivu, kwa masharti makali, hasa kwa wanawake. Wakati huo Bibi Kelsey alikuwa bado kazini.

Mwaka 2010 Idara iliweka tuzo ya kila mwaka kwa jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa yeye mwenyewe. Agosti 2015 mwakilishi wa serikali ya Kanada alimfuata nyumbani kwa bintiye, katika mji wa London, jimbo la Ontario, akamkabidhi nishani ya nchi yake. Alifariki siku ya pili yake, akiwa na umri wa miaka 101.