Mfumo Mpya wa Kompyuta, na Namna ya Kufunga Kazi Zake

Windows 10 iliacha kupata msaada wa waundaji wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zetu ni za zamani, nazo hazina vifaa ambavyo Windows 11 hudai. Badala ya kutupwa, zimewekewa Ubuntu, mfumo usiolipiwa ambao toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Meza ni zile zile na kompyuta ni zile zile, ila vidole vyetu vimekuwa wageni. Kufungua kazi hakukutusumbua hata kidogo. Taabu yote imekuwa katika kufunga.

Yafaa kwanza kutenganisha dirisha na programu. Dirisha ni kile kisanduku tukionacho katika kioo. Programu ni kazi yenyewe, inayoendelea ndani ya kumbukumbu ya mashine. Mama apikaye wali hapa Kyela akifunga dirisha la jikoni kwa ajili ya mvua, moto hauzimiki. Katika Windows, ukibonyeza alama ya X ya dirisha la mwisho, aghalabu programu nayo huisha, ndiyo maana wengi wetu twadhani mambo hayo ni mamoja. Katika kompyuta za Macintosh sivyo. Kiduara chekundu kilicho kushoto hufunga dirisha tu, na programu nyingi hubaki hai mpaka uziamuru ziondoke kwa kubonyeza Command pamoja na Q. Ubuntu imekaribiana na Windows katika jambo hili.

Hata hiyo X yenyewe imekuwa msafiri. Mwaka 2010 Ubuntu iliihamishia kushoto, na mwaka 2017 ikairudisha kulia. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuwa ya ajabu zaidi: programu zake za mtindo mpya hazikuwa na X kabisa, ikampasa mtu kushika ukingo wa juu na kuuvuta mpaka chini ya kioo. Watu walinung'unika, na mwaka 2014 X ikarudi. Basi asituone wajinga mtu yeyote, kwani waundaji wenyewe hawajapatana.

Sasa nije kwenye hatari. Insha zetu twaziandika kwa LibreOffice, ambayo ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010. (Hiyo OpenOffice ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.) Ukifunga insha ambayo hujaihifadhi, programu hukuuliza la kufanya kwa vitufe vitatu. Katika Windows, kitufe cha kwanza kutoka kushoto ni cha kuhifadhi. Katika Ubuntu yetu, cha kwanza kutoka kushoto ni cha kutohifadhi, cha katikati ni cha kughairi, na cha kuhifadhi kimekaa mwisho kulia. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na kurasa 4 za insha ya historia. Akabonyeza cha kushoto bila kusoma, kama alivyozoea, na kurasa zote zikaenda. Aliziandika upya kwa mkono usiku ule bwenini. Tangu siku hiyo wengi wetu hubonyeza Ctrl na S kabla ya kugusa X, na amri hiyo ni moja katika mifumo yote miwili.

Liko na jambo la programu kuganda. Mtu wa Windows hukimbilia Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja ili apate orodha ya kazi. Katika Ubuntu, vitufe hivyo huleta swali la kukutoa nje ya mfumo, na saa huanza kuhesabu sekunde 60. Ukikaa kimya ukishangaa, utatolewa. Bonyeza Esc upesi, swali litaondoka. Kisha ngoja kidogo: mara nyingi Ubuntu yenyewe huona ya kuwa programu haijibu, ikakupa hiari ya kungoja au kuilazimisha ifungwe. Mimi hungoja kwanza, maana kompyuta zetu zina kumbukumbu ndogo, na mara nyingine programu iliyodhaniwa imekufa huwa inafanya kazi yake polepole tu.