Mpwa Katika Hesabu ya Kodi na Bima

Katika Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi hiyo mjomba ana sauti na wajibu juu ya wapwa zake, yaani watoto wa dada yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiuoni wajibu huo, kwa kuwa humtoza mwenye mshahara peke yake na haina nafuu ya wategemezi, yaani kiasi kinachoondolewa ili kumpunguzia kodi anayetunza wengine. Mwalimu wa serikali anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa kwanza asilimia 5 ya pensheni, kisha katika 760,000 zinazobaki, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8 na 240,000 za mwisho asilimia 20, hivyo kodi yake ni shilingi 68,000, awe anaishi peke yake au analea wapwa watano.

Tofauti na Tanzania, sheria ya kodi ya Marekani huruhusu mpwa kuandikwa mtegemezi hata akiishi kwingine, mradi mlipaji kodi agharimie zaidi ya nusu ya matunzo yake na kipato cha mpwa kiwe kidogo; lakini mtegemezi sharti awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Mexico, kwa hiyo Mtanzania wa huko anayemtumia fedha mpwa wake aliyeko Gairo hapati nafuu hiyo.

Nchini Tanzania mtegemezi huonekana zaidi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambako mtumishi huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwemo watoto, wazazi na wakwe. Mpwa huachwa nje mpaka aasiliwe, yaani mahakama imfanye mtoto halali wa mlezi chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu kuasili humwondolea mama mzazi haki zake juu ya mtoto, jambo ambalo mjomba wa Kikaguru hakulikusudia hata kidogo alipomchukua kumsomesha. Kumwandika mpwa kuwa mtoto wa kuzaa ni udanganyifu, na hakuna mlezi anayepaswa kusukumwa huko. Inafaa watunga sheria wamtambue mlezi wa ukoo kwa uthibitisho wa serikali ya kijiji na ustawi wa jamii, bila kumnyang'anya mama mwanawe.