DAMU YA UBONGO WA MTOTO WA SS: INAPIMWA NAMNA GANI?



Mama mwenye mtoto wa SS anajua mambo mengi. Anajua maumivu ya mifupa, macho ya manjano, na safari za usiku kwenda hospitali kutafuta damu. Lakini kuna hatari moja isiyopiga hodi. Mtoto alilala mzima, asubuhi anaamka: mkono mmoja haushiki kikombe, mdomo umekwenda upande. Jirani anasema ni ulozi. Hapana, mama. Damu imekosa njia katika ubongo. Ugonjwa huo ni kiharusi, waganga wengi wa kwetu wanauita AVC.

Habari njema ni hii: mara nyingi hatari hiyo inaweza kuonekana mbele. Damu inayokwenda katika ubongo inapimika. Lakini kipimo kinasaidia tu kama kimefanywa sawasawa. Kipimo kibaya kinamdanganya munganga, na mama pia.

KWA NINI UBONGO UNA HATARI?

Ubongo ni mdogo, lakini unakula sana. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini unapata kama sehemu 15 katika 100 za damu inayotoka moyoni. Katika kila gramu 100 za ubongo wake, mililita 50 hivi za damu zinapita kila dakika. Kwa mtoto zinapita nyingi zaidi, sababu ubongo wake ungali unajengwa.

Chembe za damu za mtoto wa SS zinakuwa ngumu na kupindika kama mundu. Zinakufa upesi, na damu inabaki nyepesi. Damu nyepesi inabeba oksijeni kidogo, yaani ile hewa ya uzima. Basi ubongo unaita damu nyingi, tena ya mbio, usikose hewa.

Kwa watoto wengine kuna jambo la pili: mishipa mikubwa ya ubongo inaanza kuziba polepole. Fikiri mto. Pahali mawe yanaubana, maji yanapita kwa nguvu. Vilevile pahali mshipa umekuwa mwembamba, damu inakimbia sana. Siku moja njia inaziba kabisa, na sehemu ya ubongo inakufa. Huko Marekani, mbele ya kinga kuanza, watoto wa SS karibu 11 katika 100 walipatwa na kiharusi wasijafika miaka 20.

KIPIMO CHA KWANZA: DOPPLER

Mashini hii ni ndugu ya ekografi, ile inayoonyesha mtoto tumboni. Munganga anaweka kidude kando ya kichwa, mbele ya sikio, na kupima mbio ya damu katika mishipa mikubwa. Haiumi. Hesabu zake ni hizi:

– Chini ya sentimita 170 kwa sekunde: ni vizuri, tunarudia kila mwaka.
– Toka 170 mpaka 199: tuangalie, mtoto arudi upesi kupimwa tena.
– 200 au zaidi: hatari ni kubwa.

Mwaka 1998 waganga wa Marekani walitoa matokeo ya kazi yao juu ya watoto 130 wa SS wenye mbio hiyo kubwa. Karibu nusu walipewa damu kila mara ili kukinga ubongo. Wengine walitunzwa kwa desturi tu. Katika hao wengine, watoto 11 walipatwa na kiharusi. Katika wale waliopewa damu, mmoja tu. Mama, unaona namna hesabu moja inaweza kuokoa mtoto.

KIPIMO CHA PILI: IRM

Doppler inaonyesha mbio ya damu katika mishipa mikubwa tu. Haionyeshi ni damu kiasi gani inafika katika kila pembe ya ubongo. Kwa hiyo kuna mashini nyingine, IRM, yenye sumaku ya nguvu sana. Haina ile mionzi ya radio ya kifua. Mashini hizi ni chache na bei yao ni kali, lakini ni vizuri kujua kazi yao.

Inahesabu namna gani? Fikiri barabara inayoingia sokoni. Kila mtu anayepita unampaka chokaa kidogo mkononi. Unangoja kidogo, kisha unahesabu ni watu wangapi wenye chokaa wamefika penye samaki, wangapi penye unga, wangapi penye vitambaa. IRM inafanya hivyo. Inatia alama katika damu inayopita shingoni, kwa nguvu ya sumaku na mawimbi tu, bila shindano. Inangoja, halafu inapiga picha ya ubongo. Kisha inapiga picha nyingine bila kutia alama. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo damu iliyofika. Njia hii ilionyeshwa kwanza mwaka 1992 katika panya, huko Pittsburgh, Marekani.

NI NINI INAHARIBU KIPIMO?

1. Kutikisika. Tofauti ya picha hizo mbili ni ndogo sana, kama sehemu 1 katika 100. Ndiyo sababu mashini inarudia mara nyingi, dakika kadhaa. Mtoto akigeuza kichwa, hesabu inapotea.

2. Kungoja vibaya. Ukihesabu mapema, wenye chokaa hawajafika sokoni. Ukichelewa, chokaa imefutika. Mwaka 2015 wataalamu walipatana kwamba kwa mtoto inafaa kungoja sekunde 1 na nusu. Lakini damu ya SS inakimbia, kwa hiyo anayepima lazima aangalie sana.

3. Damu nyepesi. Katika damu ya mtoto wa SS alama inakawia kufutika. Munganga akihesabu kama kwa mtu mwenye damu ya kutosha, atapata hesabu kubwa kuliko kweli. Ndiyo sababu wanapima wingi wa damu siku ileile.

4. Homa, kilio, usingizi, na damu aliyopewa karibuni. Mambo haya yanageuza mwendo wa damu. Yanaharibu hata Doppler.

Tena ujue: mpaka leo, kwa kuamua kinga, waganga wanafuata hesabu ya Doppler. Hesabu ya damu ya IRM inasaidia kujifunza zaidi. Lakini picha za IRM zinaonyesha pia vidonda vidogo vya ubongo ambavyo mama hawezi kuona kwa macho.

MAULIZO YA WAMAMA

"Munganga, ile mashini itachoma kichwa ya mutoto?"
Hapana, mama. Haichomi. Inapiga makelele sana kama nyundo. Mtoto atazibwa masikio. Umwelezee mbele, asiogope.

"Niko na heleni, niingie naye?"
Toa kwanza heleni, vipini vya nywele, feza na kila kitu cha chuma, kwako na kwa mtoto. Sumaku inavuta kwa nguvu. Kama kuna chuma ndani ya mwili, sema.

"Walimupima, sasa banasema turudi tena. Banatucheza?"
Hapana, mama yangu. Hesabu kubwa ya siku moja haitoshi. Wanarudia baada ya majuma machache, ili wasimtie mtoto katika matunzo ya miaka mingi kwa kosa. Usiache kurudi.

"Na kama hesabu ni mbaya kweli?"
Matunzo yako. Pahali damu safi inapatikana kila mara, mtoto anapewa damu. Pahali haipatikani, kuna dawa ya kila siku, hidroksiyurea, ambayo munganga anaichunga kwa kupima damu. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo yalitoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua.

MAMA, UKUMBUKE:

– Mtoto wa SS toka miaka 2 mpaka 16, uliza juu ya Doppler kila mwaka.
– Usimlete kwa kipimo akiwa na homa. Homa itunzwe kwanza, siku ileile.
– Sema siku aliyopewa damu mara ya mwisho.
– Mtoto awe macho, ameshiba, ametulia.
– Andika hesabu na tarehe katika karatasi yake, uilinde.
– Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakipotea, akianguka kifafa, au kichwa kikiuma sana kwa ghafula: hospitali saa ileile. Usingoje kesho.